Muulize Bi Fundi: Piano yangu inameza noti

Barua za mwezi huu karibu zote ni za mafaili, kwa hiyo nyuzi zilizokatika na mchwa wa Bagamoyo watasubiri toleo lijalo. Kwa mgeni wa safu hii: piano inayojipiga yenyewe ni piano ya kawaida, ya mbao, felti na nyuzi za chuma. Tofauti ni kwamba nyuma ya kila kibao, cheupe na cheusi, kumewekwa solenoidi, yaani sumaku ya umeme inayokisukuma kibao kama kidole kinavyokibonyeza. Nyingine zina pia vihisio vinavyosoma mwendo wa nyundo mtu anapopiga, na kuuandika kwenye faili. Faili hiyo haina sauti ndani yake. Ina saa, namba ya kibao, kasi ya nyundo (ndiyo tunayoiita nguvu) na mahali pedali ilipokuwa, basi. Ndiyo maana sonata nzima haifiki megabaiti moja.

*Shikamoo Bi Fundi. Mimi ni msimamizi wa ukumbi katika hoteli moja pwani ya mashariki ya Unguja. Tuna piano inayojipiga wakati wa chai ya jioni. Tangu masika noti laini hazitoki. Kibao kinatikisika kidogo tu, sauti hakuna, kama piano inazimeza. Kijana wetu wa kompyuta ameyafungua mafaili na kuongeza 15 kwenye kila namba ya nguvu. Sasa noti zinatoka, ila wageni wanasema piano inafoka. Turudishe nusu? — Msimamizi, Unguja*

Marahaba mwanangu. Msirudishe nusu, wala robo. Mmempa dawa asiyeumwa.

Umetaja masika mwenyewe, na jibu limo humo. Kibao cha piano kinacheza juu ya pini za chuma zilizozungukwa na felti. Mvua ikishika, felti inafura, mbao zinanona, na kibao kinaanza kukwaruza pale kilipokuwa kikiteleza. Mtu akipiga hahisi kitu, kwa sababu kidole kinaongeza nguvu bila kumwuliza mwenyewe. Solenoidi haina akili hiyo. Noti laini inapewa msukumo mdogo sana, wa kuifikisha nyundo kwenye uzi na si zaidi. Msuguano ukila sehemu ya msukumo huo, nyundo inaishia njiani.

Jaribuni hivi, umeme ukiwa umezimwa. Kanyaga pedali ya kulia, kisha weka kijiwe cha mizani cha gramu 50 hivi kwenye ncha ya kibao. Kikiwa kizima kitashuka chenyewe taratibu. Ukiondoa kijiwe, kibao kinarudi juu upesi, hakijivuti kama mtu aliyeamshwa alfajiri. Pitia vibao vyote 88 na uandike vinavyogoma. Nina hakika orodha yako itafanana na ile ya noti zinazomezwa. Fundi atazilegeza felti kwa koleo maalumu, kazi ya siku moja. Na tafadhali, kiyoyozi kisizimwe usiku kwa ajili ya kubana matumizi halafu kikawashwa asubuhi kwa kishindo. Piano inavumilia joto la Unguja kuliko inavyovumilia kupandishwa na kushushwa kila siku.

Sasa hesabu ya kijana wenu. Kwenye MIDI ya kawaida, yaani lugha ya mafaili haya, namba ya nguvu inaishia 127, juu yake hakuna kitu. Akiongeza 15, iliyokuwa 40 inakuwa 55, sawa. Iliyokuwa 112 inakuwa 127. Je, iliyokuwa 118? Nayo 127. Ya 125? 127. Pale mpiga piano alipopanda hatua kwa hatua mpaka kileleni, nyinyi sasa mna uwanda: noti zote za juu zinalingana, na zote zinapiga kwa nguvu ya mwisho. Ndiyo kufoka mnakolalamikiwa. Mkitoa 15 leo, za chini zitarudi mahali pake, ila za kileleni zote zitaangukia 112 na kubaki hapo, kwa sababu faili haikumbuki ilikokuwa. Tafuteni nakala ya kwanza. Kama mafaili mliyanunua, yapakueni tena.

Baada ya fundi kumaliza, ikiwa bado kuna noti mbili tatu zinazozama, hapo ndipo mnaruhusiwa kugusa namba, na ni zile za chini kabisa tu. Iliyo 14 iwe 22, iliyo 20 iwe 25, na kuanzia 35 kwenda juu msiguse kitu. Nakala hiyo iitwe kwa jina la piano yenu, kwa kuwa haitamfaa mwingine.

*Shikamoo Mama. Mimi ni prodyuza, studio yangu ipo Sinza, kazi zangu ni biti. Nimepata mteja tofauti: mama mmoja mpiga piano aliyerekodi Ujerumani kwenye piano ya aina hiyo, akanitumia faili nimtolee makosa manne. Nimeyatoa, nikanyoosha kidogo, nikamrudishia. Amejibu neno moja: "Huyu si mimi." Nimekosea wapi? — Prodyuza, Dar es Salaam*

Marahaba. Makosa manne hayana shida. Shida ni ile "nikanyoosha kidogo".

Kwenye biti, kukwantaizi ni usafi. Kila pigo linavutwa kwenye mstari wake wa gridi na mchezaji anafurahi. Kwenye faili ya mpiga piano wa aina hii, kuchelewa na kuwahi ndiko kulikorekodiwa. Fungua faili yake ya kwanza (natumai hukuifuta), tafuta akordi yoyote, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, ambayo noti ya juu ndiyo inayoimba, ukuze picha mpaka uone milisekunde. Utakuta noti ya juu imetangulia wenzake, kiasi cha milisekunde 20 au 30. Mwaka 2001 mtafiti Werner Goebl wa Vienna alilichunguza jambo hili kwa piano ya Bösendorfer yenye vihisio, akaonyesha kwamba vidole vya mpigaji hugusa vibao karibu wakati mmoja. Noti ya wimbo inapigwa kwa nguvu zaidi, kwa hiyo nyundo yake inaruka kwa kasi na kufika kwenye uzi mapema. Nyundo ya noti laini sana inaweza kutumia karibu milisekunde 200 tangu kibao kianze kushuka. Ya noti kali, 20 na kidogo.

Maana yake kwako: ule mpangilio unaoonekana mbovu kwenye skrini ni alama ya mkono wake. Ukizipanga noti tatu mstari mmoja, sikio linasikia mlango unagongwa. Ameona picha yake imepigwa pasi.

Nakuonyesha kitu kingine kidogo, maana huenda kimekuuma bila wewe kujua. Nguvu ya MIDI ya kawaida ina hatua 127. Piano hizi kubwa zinaandika kwa undani zaidi. Steinway wanasema Spirio yao inapima nyundo kwa viwango hadi 1,020, mara 800 kwa sekunde, na pedali kwa nafasi 256. Hatua hizo za katikati lazima zipate mahali pa kukaa kwenye faili. Njia ya kawaida ya MIDI, iliyoongezwa mwaka 2010, ni ujumbe wa kudhibiti namba 88 unaotangulia noti. Faili inasoma hivi:

Udhibiti 88, thamani 72.
Noti 64, nguvu 61.

Piano inayoelewa inachukua 61 mara 128, inajumlisha 72, inapata 7,880 kati ya 16,383. Isiyoelewa inaisoma 61 na kuendelea na safari. Kampuni nyingine zina utaratibu wao, lakini wazo ni hilohilo: mzigo mdogo unaotembea mbele ya noti.

Sasa wewe umeifuta noti 64 kwa sababu ilikuwa kosa. Je, ule ujumbe wa 88 umeufuta pia? Programu nyingi za muziki zinaonyesha noti dirisha moja na udhibiti dirisha jingine. Mzigo ukibaki yatima unaidandia noti inayofuata. Na ukiisogeza noti hatua tatu ikapita jirani yake, mizigo inabadilishana wenyewe. Kwa haki niseme: tofauti ya sehemu ndogo ya hatua moja, kwenye noti ya nguvu 90, hata mimi siisikii. Kwenye pianisimo, pale nguvu ni 18 au 20, inasikika, na wapiga piano wazuri wanaishi huko.

Halafu kuna tiki, yaani vipande vidogo ambavyo faili inaligawa kila pigo ili kuandika saa. Faili ikiwa na tiki 480 kwa pigo, mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, tiki moja ni kama milisekunde moja. Programu yako ikiihifadhi upya kwa tiki 96, kila tiki inakuwa milisekunde 5.2, na kila kilicho katikati kinasukumwa upande wa karibu. Hakuna ujumbe wa onyo. Angalia mipangilio kabla hujabonyeza kuhifadhi.

Nimejifunza hayo kwa fedheha. Miaka niliyofanya kazi St. Paul, Minnesota, huko Marekani, nikiwa msaidizi kwenye karakana, alikuja mzee mmoja mstaafu aliyewahi kupiga ogani kanisani. Alirekodi vipande sita kwa mchana mmoja. Pedali yake ilikuwa ya ajabu, hakuikanyaga mpaka chini hata mara moja, aliitetemesha nusu njia, na sauti ilitanda kama moshi wa ubani. Mimi kwa ujuaji nikaona mistari mingi ya pedali, maelfu ya namba, nikadhani ni takataka za kihisio. Nikatumia amri ya kupunguza data. Mlima wa namba ukawa ngazi tano, nikahifadhi juu ya faili ileile. Nilipoicheza, nilisikia pedali ya mtu anayekanyaga breki. Nakala haikuwepo, na mzee alikwisha hamia kwa binti yake Arizona. Bosi wangu hakusema neno. Kesho yake nilikuta kwenye meza yangu boksi la disketi tupu.

Kwa hiyo, prodyuza: chukua faili ya kwanza, ifanye isomwe tu isiandikwe, fanyia kazi nakala. Ondoa makosa manne pamoja na mizigo yake. Noti iliyogongwa kando badilisha kibao chake tu, nguvu na saa ziache zilivyo, kwani mkono ulikwenda sawa, kidole ndicho kilichokosea mlango. Kisha rudia uhifadhi kwa tiki zilezile. Mteja wako atajitambua.

*Habari Bi Fundi. Nimeunganisha piano ya Disklavier, ile inayojipiga ya Yamaha, na kompyuta, ngoma na besi zinatoka kwenye spika. Piano inachelewa nusu sekunde kila mara. Je, waya ni mbovu? — Msomaji, Nairobi*

Waya ni mzima. Inachelewa kwa makusudi, milisekunde 500 kamili. Umesoma jibu la juu: nyundo laini inahitaji muda mrefu kuliko nyundo kali. Ili zote zifike kwa wakati, piano inashikilia kila kitu nusu sekunde, inaangalia kinachokuja, kisha inaziachia zile za polepole kwanza. Kwenye mipangilio ya MIDI kuna pa kuzima uchelewesho huo, lakini ukiuzima noti laini zitaanza kujivuta nyuma ya zenye nguvu. Afadhali zicheleweshe ngoma kwa nusu sekunde kwenye kompyuta.

*Salaam Bi Fundi. Nimenunua piano ya mtumba kutoka Japani, imeshushwa bandarini hapa Mombasa na kontena la fanicha. Chini ya kibodi ina kisanduku chenye mdomo wa disketi, na ndani ya benchi nimekuta disketi kumi na moja. Nimeziona kwenye kompyuta zina mafaili yanayoishia na FIL, hayafunguki. Bado sijaiwasha. — Baba wa watoto watatu, Mombasa*

Alhamdulillahi hujaiwasha! Japani umeme wa majumbani ni volti 100. Wako ni 240. Geuza kisanduku usome kibandiko chake. Kikisema 100 peke yake, unahitaji transfoma ya kushusha yenye uwezo wa kutosha, maana solenoidi kumi zikipiga pamoja zinavuta umeme mwingi kwa ghafla. Vitransfoma vya kuchajia mashine ya kunyolea havifai. Nimeona ubao wa umeme uliokaangwa kwa njia hiyo, na harufu yake haitoki kwenye zulia.

Hiyo uliyonayo bila shaka ni ya ukoo wa Yamaha. Walianza kuuza Japani mwaka 1982 na kuingia Marekani mwaka 1987 kwa jina la Disklavier, na disketi ndiyo ilikuwa njia yao. Mafaili ya FIL ni muundo wao wenyewe wa zamani, E-SEQ, na kwenye kila disketi utakuta faili moja inayoitwa PIANODIR, hiyo ni kama orodha ya yaliyomo. Usiifute. Zipo programu ndogo za kuyageuza mafaili ya FIL kuwa MIDI ya kawaida, na zipo za kurudisha. Ukirudisha, hifadhi kwa MIDI aina ya 0, yaani kila kitu kwenye mkondo mmoja, na piano iwe chaneli ya 1. Mashine hizo za zamani hazipendi mafumbo.

Cha kwanza kabla ya yote: nakili disketi zote kumi na moja leo. Sumaku yake inazeeka kama sisi. Za kisanduku chako ni za kilobaiti 720, usihangaike na zile za megabaiti 1.44. Baadaye ukichoka na disketi, toa kisomaji cha disketi na uweke mahali pake kifaa kinachopokea flashi na kujifanya disketi. Kinaingia kwenye tundu lilelile, kwa bisibisi.

Usitarajie undani niliomweleza prodyuza wa Sinza. Kisanduku cha umri huo kinacheza nguvu za kawaida, na baadhi yake pedali ni juu au chini tu. Faili ya kisasa itachezeka, ila kama gazeti la rangi lililotolewa fotokopi. Watoto watatu hawatajali.

*Bwana Yesu asifiwe Bi Fundi. Mwalimu wetu wa kwaya ametutoka. Tuna rekodi zake za simu akipiga piano ya kanisa. Tumesikia zipo piano zinazoweza kupiga kama yeye. Je, rekodi ya simu inaweza kugeuzwa? — Katibu wa kwaya, Moshi*

Amina, na poleni sana.

Inaweza, kwa kiasi. Miaka ya nyuma ningekujibu hapana. Lakini kulikuwa na mashindano, International Piano-e-Competition, yaliyoanza Minnesota mwaka 2002. Washindani walipiga piano za Disklavier zenye vihisio vya hali ya juu, na mwaka huohuo wa kwanza mmoja wa majaji, mpiga piano Yefim Bronfman, alisikiliza akiwa Japani: faili zilitumwa kwa intaneti na piano ya kule ikajipiga mbele yake. Baada ya miaka mingi ya mashindano, sauti na mafaili yake yakawa hazina ya saa 200 hivi, kila noti ikilingana na sauti yake kwa tofauti ya milisekunde 3 hivi. Watafiti wa Google waliitoa hadharani mwaka 2018 kwa jina la MAESTRO, na kompyuta zikafundishwa humo kusikiliza piano na kuandika vibao vilivyopigwa. Mwaka 2020 wengine wakatumia njia ya namna hiyo kuandika vipande zaidi ya 10,000 kutoka kwenye rekodi za kawaida.

Sasa rekodi ya simu kanisani. Programu hizo zilijifunza kwenye kumbi tulivu, piano ikiwa peke yake. Waumini wakiimba juu yake, kompyuta itaandika sauti za kina mama kama noti. Simu nayo inashusha penye nguvu na kupandisha penye ulaini, kwa hiyo nguvu za nyundo zitakuwa za kubahatisha. Pedali itakisiwa. Chagueni rekodi ambayo alikuwa anafanya mazoezi peke yake, hata kama ina makosa. Igeuzeni, kisha mtafute mtu aliyemjua vizuri, aliyekaa karibu naye kwenye benchi, asikilize na kusema "hapa aliegemea, hapa alivuta". Mrekebishe kwa maneno yake, si kwa gridi. Na zile rekodi za simu mzitunze hivyohivyo zilivyo. Pumzi yake imo humo, na kwenye faili haitakuwemo.

*Assalaam alaykum Bi Fundi. Tupo Muscat, asili yetu Pemba. Binti yangu ana miaka 14, mwalimu wake ana piano inayorekodi. Anataka kuwatumia mafaili ndugu na marafiki, na mengine kuyaweka wazi kwa kila mtu. Kuna vipande vya Chopin, kimoja cha Rachmaninoff, na wimbo mmoja wa taarabu alioupanga mwenyewe kwa piano. Nitume vipi, na kuna ubaya gani kisheria? — Mama wa binti, Muscat*

Waalaykum salaam Dada. Kutuma ni rahisi kuliko kuhariri. Weka mafaili kwenye folda, izipu, itume kama hati. Usiitume kama wimbo, maana baadhi ya programu zinaona faili ya MIDI zinaigeuza sauti bila kuuliza. Ndani ya folda weka karatasi moja ya maandishi: piano gani ilirekodi, tarehe, tiki ngapi kwa pigo, kama nguvu ni za kawaida au za undani, na kama mtu ameigusa baadaye. Mistari sita inatosha. Nimepokea mafaili mazuri kutoka kwa watu wazuri nisijue pedali ile ni ya mpigaji au ya mhariri.

Huko Pemba, kama atakayepokea ana kinanda cha plastiki chenye USB, kitapiga pia. Asilaumu binti ikisikika kavu.

Sheria. Jambo la kuchekesha ni kwamba sheria nyingi za kurekodi muziki zilizaliwa kwa sababu ya piano hizi hizi. Zamani zilitumia roli za karatasi zenye matundu. Mwaka 1908 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya White-Smith na kampuni ya Apollo, ilisema roli si nakala ya muziki, kwa kuwa binadamu hawezi kuisoma kwa macho. Watunzi wakapiga kelele, na mwaka uliofuata Bunge lao likabadilisha sheria ili watengeneza roli wawalipe. Mpaka leo malipo hayo yanaitwa ya "mitambo". Kwa hiyo faili ya binti yako mbele ya sheria si karatasi tupu.

Hesabu mbili. Mtunzi: Chopin alifariki 1849, hana mdai. Rachmaninoff alifariki 1943. Kwa nchi zinazohesabu miaka 50 baada ya kifo, na hata zinazohesabu 70, muda umepita. Marekani wana hesabu yao inayotazama mwaka wa kuchapishwa, kwa hiyo kabla ya kuiweka hadharani angalia kipande hicho kilichapishwa lini. Mpigaji: ni binti yako, haki ya upigaji ni yake, na kwa umri wake wewe ndiye wa kutoa ruhusa. Andika kwenye ile karatasi wengine wanaruhusiwa kufanya nini: kusikiliza, kuhariri, kuuza au kutouza. Ukinyamaza, watu wataamua wenyewe.

Taarabu ndiyo ya kuangalia. Kama mtunzi yupo hai, au hajatimiza miaka 50 tangu afariki (70 kwa nchi zinazohesabu hivyo), ruhusa iombwe. Kwa nyimbo za Zanzibar anzia COSOZA, ambao ni watu wa hakimiliki wa huko, za Bara ni COSOTA. Mpangilio wa binti ni wake, wimbo si wake.

Na mwambie kutoka kwangu: zile sauti za ala za kanuni na udi zinazopita katikati ya kibao cheupe na cheusi, piano haina. Ningependa kujua amezikwepa vipi. Akitaka, anitumie faili hiyo, ile ya kwanza kabisa, kabla mwalimu hajainyoosha.